Skuli ya Miezi 18

Hotuba mbele ya wazazi na madereva, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi ndugu zangu madereva mliokaa karibu na mlango na funguo za gari mkononi: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kesi za kuendesha gari kwa ulevi, hasa za yule aliyekwisha kukamatwa mara moja na akakamatwa tena. Aliyeniomba alininong'oneza, kama mtu anayeulizia nyumba ya mganga. Mimi nitasema kwa sauti, maana ninachokijua hakina faida kikinong'onwa.

Kwanza mnijue. Mimi si wakili. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za California, Marekani, kwa miaka 14. Nilikaa baina ya hakimu na mtu wetu, awe Mzanzibari, Mbajuni, Mkongo au Mkenya, nikigeuza la huyu kwenda kwa yule. Mkalimani haruhusiwi kushauri. Hata ukimwona mtu anatia saini jambo litakalomrudia baada ya miaka minane, unafasiri, unanyamaza. Siri za watu bado ni amana kwangu, kwa hiyo majina hamtayasikia, na visa nimevichanganya asije mtu hapa akamtambua mtoto wa jirani yake. Lakini ushauri niliokuwa nikiumeza, huo leo nautoa.

Nianze na kisa cha kuchekesha. Kijana mmoja wa mji huu alikamatwa California mara ya pili. Hakimu akampa siku kadhaa za jela, faini, na akamwamuru ahudhurie mafunzo ya madereva walevi kwa miezi 18. Kule mafunzo hayo watu wanayaita skuli tu. Kijana akampigia simu mama yake: "Mama, nimepewa skuli, miezi 18." Mama akafurahi. Akapika, akawaambia majirani kuwa mwanawe kapata masomo Marekani. Miezi ikapita, mtu wa familia akaja likizo akamfunulia. Mama akakaa kimya, halafu akasema: "Kumbe na huko jela wanaiita chuo?"

Mnacheka kwa sababu sisi ndio wenye Chuo cha Mafunzo. Hapa Zanzibar hakimu hasemi gereza. Anasema utatumikia Chuo cha Mafunzo, na waliomo ndani wanaitwa wanafunzi. Mtu wa Mombasa akilisikia hilo anadhani tunafanya mzaha. Mimi ilinipa taabu kazini. Nikisema "jela ya kaunti" mtu wa Pemba ananikodolea macho. Nikisema "chuo" Mkongo anadhani kasamehewa. Nikaishia kusema "kufungiwa ndani", na kila mtu alielewa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana kesi ya mara ya pili ni kesi ya hesabu.

California inaangalia miaka 10. Ukikamatwa leo, mwendesha mashtaka anafungua kumbukumbu na kutazama nyuma: je, ndani ya miaka 10 huyu alitenda kosa hili tena akatiwa hatiani? Kama ndiyo, shtaka linabadilika sura. Mara ya kwanza kifungo hakizidi miezi sita, na wengi huishia kwenye uangalizi wa mahakama, faini na mafunzo ya miezi michache. Mara ya pili sheria inataja siku 90 hadi mwaka mmoja. Hakimu akikuweka chini ya uangalizi siku zinaweza kushuka mpaka 10, au hata saa 96, lakini hapo ndipo inapokuja ile skuli ya miezi 18, na leseni inasimamishwa miaka miwili. Mara ya tatu ni siku 120 hadi mwaka, leseni inafutwa miaka mitatu. Mara ya nne ndani ya miaka hiyo 10, kosa linaweza kupandishwa likawa jinai kubwa: miezi 16, miaka miwili au miaka mitatu. Na hapa sijataja mtu kuumia. Hapa dereva kasimamishwa tu, kapulizishwa, kapatikana na kiwango cha pombe cha asilimia 0.08 katika damu.

Majimbo mengine yana hesabu zao. Texas haina kikomo cha miaka. Kosa la ujana linakungoja hadi uzeeni, na mara ya tatu ni miaka miwili hadi kumi. New York, mara ya pili ndani ya miaka 10 tayari ni jinai kubwa, kifungo kinaweza kufika miaka minne. Utah waliteremsha kiwango kuwa 0.05 mwishoni mwa 2018. Wenye watoto Uingereza nao wasikie: kule kifungo cha juu kwa kosa hili peke yake ni miezi sita, lakini ukitiwa hatiani mara mbili ndani ya miaka 10 unanyang'anywa leseni si chini ya miaka mitatu. Kwa kijana anayeishi kwa kuendesha teksi au gari ya mizigo, miaka mitatu bila leseni inaweza kumuuma kuliko miezi mitatu ndani.

Hesabu hii ina mambo yake, na mawakili wazuri wanakula humo. Nilifasiri kesi ya mtu aliyekamatwa mara ya kwanza Aprili 2008, akatiwa hatiani Septemba 2008. Akakamatwa tena Juni 2018. Hati ya mashtaka ikamwandika mara ya pili, kwa kuwa toka Septemba 2008 miaka 10 ilikuwa haijatimia. Wakili wake, mwanamke mmoja mdogo wa umbo anayesema polepole, akasimama akasoma kifungu: miaka inahesabiwa kuanzia siku ya kosa hadi siku ya kosa, si siku ya hukumu. Aprili 2008 hadi Juni 2018 ni miaka 10 na miezi miwili. Shtaka likarudi kuwa la mara ya kwanza. Dakika sita, na nusu yake ilikuwa mimi nafasiri. Yule bwana alinigeukia akaniuliza: "Kwani amesema nini?" Amesema tarehe, nikamwambia.

Ndiyo maana nawaambia wazazi: karatasi za kesi ya kwanza zisitupwe. Najua kwetu karatasi ya aibu inachomwa motoni siku hiyo hiyo. Msiichome.

Karatasi yenyewe ndiyo ninayotaka kuizungumza kuliko yote. Mtu akiamua kukiri kosa kule, anapewa fomu yenye visanduku vingi, na kila kisanduku anaweka herufi za mwanzo za jina lake. Nimeelewa nina haki ya kusikilizwa kwa ushahidi, herufi. Nimeelewa nina haki ya wakili, herufi. Nimeelewa nikirudia adhabu itaongezeka, herufi. Mwisho anasaini yeye, na mkalimani anasaini kuwa amemfasiria. Sasa fikirini: saa tano asubuhi, mtu hajalala, amechoka, anataka kwenda zake kazini. Ameambiwa akikiri leo anaondoka leo. Namsomea kisanduku cha kwanza anatikisa kichwa. Cha tano anaangalia saa. Cha tisa ananiambia, "Kaka, andika tu zote."

Katika visanduku hivyo kimo kimoja ambacho kila nilipokisoma sauti yangu ilishuka. Kinasema, kwa maneno yangu: umeonywa kwamba kuendesha gari ukiwa umelewa ni hatari kwa uhai wa watu, na kwamba ukiendelea kufanya hivyo na mtu akafa, unaweza kushtakiwa kwa kuua kwa makusudi. Msingi wake ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya California ya 1981, katika kesi ya mtu aliyeitwa Watson. Hoja ni kuwa aliyeonywa akarudia, alijua anachokifanya na hakujali. Kwa hiyo ile saini ya saa tano asubuhi ndiyo itakayoletwa mezani, miaka baadaye, kuonesha kwamba alijua. Mimi nimekaa kwenye kesi moja ya namna hiyo. Sitaihadithia, ila nasema kuwa fomu iliyoletwa kama ushahidi ilikuwa na herufi zimeandikwa haraka haraka, zote kwa mstari mmoja, kama mtu anayejaza bahati nasibu.

Jee, mtu aliyekamatwa mara ya pili ana njia gani? Wengi kwetu wanadhani ni mbili tu: kukiri au kukimbia. Kukimbia msijaribu kumshauri mtu. Kunageuka kibali cha kukamatwa kinachokusubiri uwanja wa ndege.

Kuna kupinga ukamataji wenyewe. Trafiki wa kule hawezi kukusimamisha kwa kuwa hapendi sura yako. Lazima awe na sababu ya kueleweka, ama kiwe kizuizi kilichowekwa kwa utaratibu. Kuna kupinga kipimo. California inataka mtu aangaliwe mfululizo dakika 15 kabla ya kupuliza, asiteuke wala kutapika wala kuvuta sigara, kwa sababu pombe ya mdomoni inaweza kudanganya mashine. Na mashine yenyewe ikaguliwe kila siku 10 au kila vipimo 150, lolote litakalotangulia. Wakili anaomba daftari la mashine. Mara nyingi daftari liko sawa. Si kila mara.

Kukataa kupuliza kabisa ni jambo jengine. Vijana wanaambiana, "Usipulize, hawana ushahidi." Uongo mtupu. Kule ukichukua leseni umekwisha kuridhia kupimwa, na ukikataa ukiwa na kosa la nyuma leseni inafutwa miaka miwili kwa kukataa peke yake, na siku za ndani zinaongezwa ukitiwa hatiani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2016 kuwa askari anayekukamata anaweza kudai pumzi yako bila kibali cha hakimu; damu ndiyo inayotaka kibali au ridhaa yako.

Halafu kuna njia ambayo watu wetu hawaijui na ndiyo inayowafaa zaidi: kulipinga kosa la nyuma. Kama mara ile ya kwanza ulikiri bila wakili na bila kuelezwa kuwa una haki ya wakili, au umefasiriwa na mtu asiyejua lugha yako, wakili anaweza kuomba mahakama isilihesabu. Nilishuhudia kesi ambayo kukiri kwa mwanzo kulifasiriwa na mtu wa Kisomali kwa mshitakiwa anayejua Kiswahili tu, kwa sababu karani aliona jina la Kiislamu akadhani wote ni wamoja. Kosa lile halikuhesabiwa, na kesi ikaanza upya kama ya kwanza.

Na ikiwa ushahidi umekamilika na hesabu imekamilika, bado lipo la kujadili: adhabu itatumikiwaje. Kuna kufungwa nyumbani na bangili ya mguuni. Kuna bangili inayonusa jasho na kutoa taarifa ukionja hata kijiko. Kuna kituo cha tiba cha kulala huko huko. Kuna kufuli ya pumzi inayofungwa kwenye gari, injini haiwaki mpaka upulize na mashine iridhike. Mara ya pili California wanataka uwe nayo mwaka mzima. Na zipo mahakama maalumu za walevi sugu, unaonana na hakimu mara kwa mara kwa mwaka au zaidi, anakujua mpaka jina la mtoto wako.

Mimi binafsi, kwa niliyoyaona, naupenda utaratibu wa South Dakota. Walianza mwaka 2005. Mlevi wa kurudia haambiwi asiendeshe tu, anaambiwa asinywe. Anakwenda kituoni kupuliza asubuhi na jioni, kila siku. Akikutwa amekunywa analala ndani hapo hapo, usiku mmoja au mbili, halafu anatoka anarudi kazini. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 waliona watu kukamatwa tena kwa kosa hili kulipungua kwa asilimia 12 katika kaunti zilizoutumia. Mtu wetu anaijua dawa hii: mama anayekuvizia mlangoni kila usiku akakunusa ana nguvu kuliko baba anayeahidi bakora za mwaka ujao.

Kwa wenye watoto ambao bado si raia, naomba mnisikilize vizuri. Kosa moja la ulevi barabarani, bila mtu kuumia, kwa kawaida halimrudishi mtu kwao. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2004 kuwa kosa hilo peke yake si uhalifu wa kutumia nguvu, ule unaoweza kumrudisha mtu kwao. Lakini mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kuwa mwenye makosa mawili au zaidi ya ulevi barabarani, ndani ya muda unaoangaliwa, anachukuliwa kuwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vyengine. Na mwenendo mwema ndio unaotakiwa kwenye baadhi ya maombi ya kuzuia kuondoshwa nchini, na kwenye uraia. Kwa hiyo kosa la pili ambalo hakimu kalimaliza kwa siku 10 linaweza kufunga mlango katika ofisi nyengine kabisa. Tangu 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja wake athari hizi kabla hajakiri. Muulize. Kama hajui, mwambie amtafute anayejua. Na asiye na fedha apewe wakili wa umma, bure. Msimdharau kwa kuwa hamlipi, wengi wao wanaijua mahakama ile kuliko wenye suti za ghali.

Sasa turudi kwetu, maana naona madereva wananitazama kama mtu anayehadithia mvua ya nchi nyengine.

Zanzibar ina sheria yake ya barabara, mahakama zake na Mkurugenzi wake wa Mashtaka. Adhabu za California hazikuhusu ukikamatwa Mwanakwerekwe. Lakini haki ya kudhaniwa huna hatia mpaka ithibitishwe, ya kusikilizwa, na ya kukata rufaa, zimo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, na tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Wasiokuwa na uwezo wa wakili wana pa kwenda, na Kituo cha Huduma za Sheria kiko nasi tangu 1992. Kinachotukwamisha ni aibu. Mtu wa Arusha akikamatwa amelewa, ndugu wanakuja na wakili. Mtu wa Unguja akikamatwa anawaambia ndugu alipatikana na kosa la taa, anakiri chap chap apate kuondoka, na ile hukumu inabaki kwenye jina lake kimya kimya.

Na aibu hiyo hiyo ndiyo inayotutia barabarani. Nisameheni, nitasema wazi. Anayekunywa kwetu hanywi mtaani kwake. Hawezi, ataonwa. Anakwenda Nungwi, anakwenda Paje, kwenye mabaa ya wageni, ambako hajulikani. Na Paje huendi kwa miguu. Kwa hiyo mlevi wa Ulaya anarudi nyumbani akipepesuka njia ya miguu mitatu; mlevi wetu ana kilomita hamsini na kitu za usiku, barabara ina baiskeli zisizo na taa na ng'ombe waliolala kwenye lami. Wala hawezi kumpigia simu kaka yake aje amchukue, kwa sababu kumpigia ni kukiri. Tumemfungia kila mlango, tumemwachia ule wa gari.

Sheikh aliyekaa mbele ananitazama. Sheikh wangu, sisemi pombe ni halali. Nasema simu ya saa sita za usiku ipokelewe kwanza, mawaidha yafuate asubuhi.

Na simu hiyo ikitoka ng'ambo, mtoto ameshikwa, msianze na "umetuaibisha". Muulizeni ameshikwa lini, kwa sababu California ana siku 10 tu tangu kukamatwa kuomba shauri la leseni mbele ya idara ya leseni ya jimbo, na siku hizo hazimngoji hakimu. Muulizeni kama aliwahi kushikwa kabla, tarehe ya kushikwa, si ya hukumu, na kama siku ile alikuwa na wakili na mkalimani wa Kiswahili. Mwambieni asieleze kituoni alikunywa nini na wapi mpaka aonane na wakili. Na mkiambiwa amepewa skuli, mama zangu, ulizeni skuli ya nini kabla hamjapika.

Naona kuna mikono juu. Mzee wa kofia ya vito, anza wewe, bado tuna robo saa kabla ya adhana ya magharibi.